Njuga za Ghazala

Siku ya tisa tangu kuzaliwa, mtoto wa Ghazala aliugonga mlango wa banda kwa paji la uso, mara ya tatu asubuhi hiyohiyo. Akarudi nyuma, akatikisa kichwa, akasimama kama anayesubiri mlango umwombe radhi. Inayat, aliyekuwa akikwangua mbolea, aliliacha beleshi, akaegemea ukuta na kuanza kumtazama.

"Ni giza," alisema mumewe, Metwali, aliyekuwa akimpiga farasi wao Ghazala brashi mgongoni. "Sisi wenyewe tunajigonga humu ndani."

Giza lilikuwepo kweli. Kwa watu wa Sharqia, huko Misri, farasi wa kucheza kwenye harusi haanikwi hadharani akizaliwa. Siku arobaini jicho la nje lisimwone, maana jicho la nje halina dogo. Dirisha la banda lilikuwa limezibwa kwa gunia, na mlango umeachwa na upenyo wa kupita mtu mmoja. Siku ya saba Hajati Ratiba, mama yake Metwali, alimfunga mtoto shingoni, kwa mkono wake mwenyewe, mkanda wenye njuga saba na ushanga wa buluu, kama alivyofungwa kila farasi aliyezaliwa katika nyumba ile. Kwa hiyo kijiji kizima kilikuwa na habari za mtoto huyo, lakini hakuna aliyemwona vizuri, hata wenyewe.

Inayat alikuwa mtu wa kutaka kujua. Tangu binti yao wa pekee aolewe mjini Zagazig, hakuwa na wa kumchunguza, na udadisi wake wote ulihamia bandani. Metwali alipotoka, alipanda juu ya ndoo akalichomoa gunia dirishani. Mwanga ukaingia. Ghazala akafumba macho, akageuza uso pembeni. Mtoto hakufanya lolote. Aliendelea kuutazama mwanga ana kwa ana, na macho yake yalikuwa meupe kwa ndani, kama maji yaliyoosha mchele.

Inayat akapunga mkono mbele ya uso wake, lakini hakupepesa. Akavua shungi akalipunga, na hapo mtoto akageuka haraka. Moyo wa Inayat ukatulia kidogo, kisha akajiambia: hapana, huo ni upepo wa nguo. Akavua ndala, akabana pumzi, akasogeza kidole polepole mpaka kikakaribia kugusa kope. Mtoto alisimama tu, masikio yakizunguka kumtafuta mtu aliyekuwa hapo sasa hivi.

"Kumbe wewe hutuoni," Inayat alimwambia. "Siku tisa unaishi na sisi na hujui tunafananaje."

*

Daktari wa mifugo alikuja na pikipiki yake, akawasha tochi, akazima tochi. Alisema mtoto amezaliwa hivyo, hakuna dawa, na wala halikuwa jambo la jicho la mtu. Kisha akanywa chai ya glasi mbili. Metwali alimsindikiza mpaka barabarani, akarudi akiwa amekunja uso, akakaa chini ya ukuta wa ua.

Tatizo lilikuwa hivi. Ghazala alikuwa farasi wa Hajati Ratiba, urithi kutoka kwa marehemu mumewe, na ndiye aliyeilisha nyumba. Kila Alhamisi Metwali alimvisha nakshi akampeleka harusini, zumari zikilia na ngoma zikipigwa, naye akicheza kwa kuinua miguu kama bibi arusi anayeogopa kuchafua gauni. Dume lililompanda lilikuwa la Haji Dusuki wa kijiji cha pili, na Haji hakutaka malipo. Alitaka nusu ya mtoto. Walipeana mkono, wakasoma Fatiha, na siku ya arobaini angekuja kuiona nusu yake.

"Nusu ya kipofu," alisema Metwali. "Nitamwambia nini? Chagua, Haji, unataka nusu ya mbele au ya nyuma?"

"Mwambie ukweli," alisema Inayat.

"Ukweli! Wewe unaujua ukweli utafanya nini? Jumamosi sokoni watasema tumbo la Ghazala limeoza. Alhamisi hakuna atakayetuita harusini. Nani anataka farasi mwenye nuksi amchezee mwanawe?"

Hajati Ratiba alikuwa ameketi kwenye baraza ya udongo mlangoni mwa nyumba, tasbihi mkononi. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, mwenye sauti ya kuamuru hata anapoomba maji. Alisikiliza mpaka mwisho. Tasbihi ilisimama.

"Siku arobaini zikitimia, aitwe yule mtu wa sarakasi," alisema.

Wote walimjua mtu huyo. Alipita vijijini na gari dogo la mizigo akinunua punda wazee na farasi waliovunjika miguu, kwa ajili ya simba wake.

"Mama," alisema Inayat, "bado ananyonya."

"Ndiyo maana nimesema siku arobaini, sikusema leo. Kiumbe asiyeona ni mzigo, binti yangu. Leo utamwonea huruma. Kesho utamwonea kinyaa. Heri aondoke watu wakiwa bado wanamwonea huruma." Kisha akanyanyuka kuingia ndani, mguu ukapiga ndoo iliyokuwa katikati ya njia, maji yakamwagika, naye akafoka mpaka kuku wakakimbia. "Hii nyumba ina mke au haina? Kila siku ndoo ina makao mapya! Kila siku kigoda kimehamia kwingine!"

Inayat aliomba radhi akaokota ndoo. Mwezi ule alikuwa ameomba radhi kwa mengi: kwa chumvi iliyozidi kwenye maharage, ambayo alijua hakuitia yeye, kwa sindano isiyo na tundu, kwa kutembea kama mwizi ndani ya nyumba ya watu. Alimeza yote, kama wakamwana wanavyomeza.

*

Walimpa jina la Pasha, kwa sababu alitembea akiinua kichwa na miguu juu kama mheshimiwa anayekagua gwaride. Lilikuwa jina la utani tu; jina la kweli halipewi farasi anayengoja gari la sarakasi. Metwali alijitahidi asimzoee. Inayat hakujitahidi hata kidogo. Kila siku alimaliza kazi haraka akakaa bandani kwenye fungu la makapi ya ngano, akiangalia.

Aliona mambo. Pasha alipotulia, alikuwa na akili kuliko wengi. Alijua hatua za Metwali na hatua zake. Alijua majani mabichi yameletwa kabla fungu halijafunguliwa. Akimsikia mama yake akitafuna upande wa pili, aliinamisha kichwa upande mmoja, sikio moja mbele na jingine nyuma, akapima. Lakini alipoanza kwenda, akili yote ilimruka. Hatua mbili tatu alikwenda sawa, kisha akapotea, akaongeza mwendo kwa hofu na kugonga nguzo. Akisimama anajua, akitembea hajui. Jambo hilo lilimkosesha Inayat usingizi wa mchana. Kwa nini kutembea kumfanye mjinga?

Siku ya ishirini na sita Hajati alikwenda kutoa pole nyumba ya tatu, ameshikana mkono na jirani kama wazee wanavyotembea. Ua ulikuwa mtupu. Inayat akaingia bandani, akamfungua Pasha mkanda ili auoshe, maana ulikuwa umeganda uchafu. Akaushika mkononi, akautikisa. Wazo likamjia, akaangalia kushoto na kulia, akaona hakuna mtu, akajifunga mkanda ule shingoni mwake. Shungi akalizungushia machoni, mara mbili. Kisha akajigeuza mahali alipo mpaka akapoteza mwelekeo, na akaanza kumtafuta Ghazala.

Alisimama akamsikia akitafuna: kule, karibu na ukuta. Vizuri. Akainua mguu, njuga saba zikalia chini ya kidevu chake, na ulimwengu wote ukapotea. Hakukuwa tena na Ghazala, hakukuwa na kuku, hakukuwa na pampu ya maji ya shamba la jirani. Kulikuwa na kengele tu. Akasimama, dunia ikarudi. Akatembea, ikazimika. Mwishowe akajigonga goti kwenye hori la maji, akatoa neno ambalo mke wa mtu halitoi.

"Leo harusi ya nani?"

Ilikuwa sauti ya Metwali, mlangoni, mikono kiunoni.

"Ngoja kwanza," alisema Inayat, kitambaa bado machoni.

"Nangoja. Nataka kujua kama nimlete mpiga zumari au mganga."

"Metwali, ni hizi njuga!" Akalivua shungi, uso umemwiva kwa furaha. "Tumemziba masikio. Macho hana, masikio tukamziba, halafu tunamwita mjinga. Njuga si za kuvaa yeye, avae mama yake!"

Metwali akaacha kucheka. "Mkanda amefunga mama kwa mkono wake. Ukiufungua ukaleta balaa, utasema nini?"

"Balaa gani zaidi? Hao simba wanakuja na heri?"

Metwali akatazama kuelekea barazani. Lakini Inayat alipomfunga Ghazala mkanda, yeye ndiye aliyemshika kichwa asihangaike. Ushanga wa buluu waliuacha shingoni mwa Pasha kwa uzi, ili kila mtu apate haki yake. Ghazala akapiga hatua, njuga zikalia. Pasha akainamisha kichwa. Akaenda moja kwa moja, bila kuyumba, akipita kando ya nguzo, mpaka pua yake ikagusa ubavu wa mama yake. Inayat alilia waziwazi, na Metwali akageuka kutafuta brashi ambayo ilikuwa mkononi mwake.

*

Kwa Hajati hawakusema kitu. Metwali alisema atamwambia yeye, kisha akapata safari ya harusi ya mbali na farasi wa kukodi.

Siku mbili baadaye Inayat alifungua mlango wa banda ili mama na mtoto wapunge hewa ya uani, ukuta ukiwakinga na macho ya nje. Hajati alikuwa barazani kama kawaida. Ghazala alikwenda kwenye hori kunywa. Pasha alimfuata nusu ya njia, kisha harufu ikamvuta, akageuka polepole kuelekea kwenye baraza. Akamfikia Hajati. Akasimama mbele yake, hatua moja, akinyoosha shingo.

"Inayat!" Hajati aliita kwa ukali. "Mwondoe huyo mtoto horini, anachafua maji!"

Inayat aliangalia hori. Aliyekuwa pale ni Ghazala peke yake, na njuga zake. Akamwangalia mkwewe.

Pasha akapumua juu ya mkono uliolala gotini. Hajati akaruka mahali alipokaa, tasbihi ikaanguka.

"Nani?"

Pasha naye alishtuka, lakini hakukimbia. Wakabaki hivyo wawili hao, mmoja barazani na mmoja chini yake, kila mmoja ameinamisha kichwa upande, anapima. Inayat alikuwa ameitazama namna ile ya kuinamisha kichwa kwa karibu wiki tatu. Aliijua. Sasa ndoo, chumvi, sindano na kutembea kama mwizi vilimjia vyote kwa pamoja, akaona aibu kwa kila mara aliyowahi kukasirika moyoni.

"Ni Pasha, mama," alisema.

"Na pale horini?" aliuliza Hajati.

"Ghazala. Nimemhamishia njuga yeye. Mtoto zilikuwa zinampoteza."

Hajati aliinama akapapasa chini, akaipata tasbihi, akajiweka sawa. Uso wake ulikuwa mwekundu. "Jua limenipiga machoni," alisema.

Siku hiyo mawingu yalikuwa yametanda tangu alfajiri.

"Ndiyo, mama," alisema Inayat. "Jua leo ni kali."

Hakumwambia mumewe. Jioni aliondoa kigoda njiani akakiweka ukutani, mkono wa kulia wa mlango, akasema kwa sauti akimwelekea Pasha: "Kigoda ni hapa siku zote, Pasha. Ndoo iko chini ya bomba. Chumvi iko rafu ya juu, sukari ya chini. Atakayehamisha kitu katika ua huu tutagombana." Metwali aliporudi alishangaa farasi anaelezwa mambo ya chumvi, lakini alikuwa mume wa miaka ishirini na mbili na alijua ya kuuliza na ya kuacha. Tangu hapo Hajati hakujikwaa. Na alasiri, watu wakiwa mbali, mkono wake ulitoka chini ya shungi na kipande cha mkate, ukangoja hewani mpaka mdomo laini uje kuukuta.

*

Siku ya arobaini Haji Dusuki alikuja amevaa joho la kahawia, fimbo ya mwanzi mkononi. Metwali alikuwa hajamwambia kitu. Usiwe mwepesi kumlaumu. Kila asubuhi alitoka na maneno mdomoni na kila jioni alirudi nayo.

Walimtoa Ghazala uani, na Pasha akatoka nyuma ya njuga, miguu juu, kichwa juu, ubavu kwa ubavu na mama yake. Alikuwa mtoto mzuri, mweusi, mguu mmoja mweupe kama umevaa soksi. Haji alisema mashallah mara tatu. Alimzunguka, akapima kifua kwa kiganja, akaangalia kwato. Metwali alimimina chai na nusu ikaenda kwenye sinia.

"Ila jambo moja," alisema Haji. "Tangu lini mama anavaa njuga za mtoto?"

Haji alikuwa mtu wa farasi maisha yake yote. Aliinua fimbo, akaichoma hewani kuelekea jicho la Pasha, akaisimamisha upana wa ukucha mbali na jicho. Pasha hakupepesa.

"Ahaa," alisema Haji, akashusha fimbo. "Mnanikaribisha chai juu ya kipofu. Baba yako, Metwali, Mungu amrehemu, aliniuzia farasi mwenye chongo na akanionyesha chongo lenyewe kwanza. Wewe unanivishia mama yake njuga."

"Haji, wallahi nilitaka..."

"Ulitaka. Basi sikiliza. Sitapiga kelele sokoni, kwa heshima ya mama huyu. Nimepoteza msimu mzima wa dume langu. Kesho mtu wa sarakasi anapita. Atakacholipa tugawane, na tusijuane tena."

Metwali aliangalia ardhi. "Sawa," alisema, kwa sauti ndogo.

Inayat alimgeukia mkwewe. Alikuwa na silaha moja tu, naye alijua akiitumia, akisema mbele ya Haji yale anayoyajua, mama huyu hatanyanyua tena kichwa kijijini. Akaifunga midomo.

"Ghazala ni farasi wa nani?" aliuliza Hajati.

"Wako, mama," alisema Metwali.

"Ala. Nilidhani nimekufa, naona mnagawana." Alikaza mgongo. "Haji Dusuki, mtoto ajaye wa Ghazala, wako wote. Si nusu. Kwato nne na mkia. Kwa dume lako au la mwingine, ni wako. Huyu ni wetu wote."

"Mama!" Metwali alisimama. "Mwaka mzima wa mimba! Na wewe ndiye uliyetaja sarakasi!"

"Nilitaja. Kinywa ni changu, leo kinataja lingine."

Haji alikuna ndevu. Kwake ilikuwa faida ya wazi, na kwa hiyo aliogopa mtego. "Hajati, nisamehe. Kipofu utamfanyia nini? Hachezi harusini, hapandwi barabarani, havuti gari."

"Atakula. Atakunywa. Atajua mlango uko wapi na nani anayeingia. Hesabu mwenyewe, Haji, ni wangapi kijijini kwako wanaofanya zaidi ya hayo."

Haji akacheka bila kutaka. "Basi, lete mkono tusome Fatiha."

Hajati aliufunika mkono kwa ncha ya shungi, akaunyoosha. Aliunyoosha kwa fahari, lakini aliunyoosha kuelekea kwenye nguzo. Haji alibaki na mkono wake hewani, paji la uso likaanza kukunjamana.

"Sogea huku, Haji," alisema Inayat upesi, akigonga kikombe kwenye sinia. "Mama goti linamsumbua, hawezi kukugeukia. Huku, upande wa nguzo."

Haji akaomba radhi, akasogea, na mkono wake ukaingia kwenye mkono uliokuwa unamngoja. Wakasoma.

*

Alasiri Metwali alikwenda kulala akiwa na hasira, kisha akaamka bila hasira akaenda kukata majani ya farasi wawili. Gunia la dirishani lilikuwa limetupwa. Ghazala alikuwa akizungukazunguka uani, na njuga zilisikika hapa, zikasikika pale, na Pasha nyuma yake.

Inayat alikuwa akifagia karibu na baraza.

"Metwali akienda mjini," alisema Hajati, "aninunulie kengele moja. Ndogo, ya shaba."

"Pasha hataihitaji, mama. Za Ghazala zinamtosha."

"Si ya Pasha."

Inayat aliacha kufagia. "Ya nani?"

Hajati aligeuza uso upande wa sauti, akaukosa kidogo tu.

"Yako. Ufunge mguuni. Unatembea kama paka, mwanangu, na mimi sijui uko wapi."

Inayat akaweka ufagio ukutani, mahali pake, akavaa ndala zake, akatembea kwenda bombani kumletea mkwewe maji ya kutawadha, akiziburuta ndala kwa kelele zote alizoweza. Kwenye baraza kichwa kikageuka kumfuata. Kule horini kikageuka kingine.